Nimejitengenezea kijiko cha trakta kwa winchi ya jeep hapa Kalemie, na yaliyonikuta bendera iliposhushwa ndoo ikiwa juu

Wakuu, salamu kutoka Kalemie, ng'ambo ya Kigoma.

Humu mimi ni msomaji wa kimya wa muda mrefu, leo nimeamua kuandika. Yote nitakayosema yametokea, na mbavu zangu bado zinalalamika nikikohoa. Mwenye kutaka chai atafute uzi mwingine.

Nijitambulishe kidogo ili msipotee.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ufundi niliupata Kabimba, kwenye karakana ya kiwanda cha chokaa, halafu nikarudi mjini nikafungua kibanda changu. Kabla ya hapo nilikulia kwenye mitumbwi ya Baba. Sisi ni Wabembe, Baba alishuka kutoka kaskazini kwa ajili ya dagaa na hakurudi tena.

Na mimi ni mtu nisiyetulia. Mke wangu Furaha anasema nikikosa cha kupiga nyundo nitapiga hata sufuria yake. Sibishi.

Baba alishafariki. Ametuachia nyumba ya matofali aliyoijenga kwa mikono yake, kule chini karibu na ziwa. Mama alikuwa anaishi humo peke yake. Mimi na Furaha tuko juu, kilimani.

Sasa njoo kwenye ziwa.

Nyie wa Kigoma mnajua Tanganyika lilivyopanda miaka hii. Kwetu pia. Uwanja ambao Mama alikuwa anaanika dagaa umekuwa ufuko. Majirani wa mbele yake wote walishahama, kuta zao ziko majini, watoto wanazirukia wakiogelea. Kiangazi maji yanarudi nyuma kidogo, unapumua, halafu mvua zikianza yanakuja tena, na kila yakija yanasogea.

Mimi nikaapa. Niliapa kanisani, nikaapa njiani, nikaapa kwenye simu kwa kaka yangu wa Lubumbashi aliyetaka Mama aende kwake: nyumba ya Baba haitaanguka macho yangu yakiwa wazi.

Kwa hiyo plan ilikuwa moja tu. Kabla mvua hazijarudi, niwe nimeinua tuta la mawe na udongo kati ya nyumba ya Mama na maji.

Mawe yalikuwepo. Juu kidogo ya nyumba kuna kifusi cha ghala la zamani lililobomoka, mwenyewe akaniambia chukua, utakuwa umenisafishia. Tatizo lilikuwa kuyashusha. Siku za salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, watu walikuja na mabeseni na matoroli wakabeba hadi shingo zikauma. Tukirudi wiki inayofuata, mawimbi yameshatawanya nusu.

Nilikuwa silali vizuri. Nikisikia upepo wa ziwa naamka, natoka nje, natazama kule chini, narudi, natoka tena.

Ndipo nikaikumbuka trakta yangu.

Msifikirie trakta ya shamba kubwa. Ni ile ndogo ya bustani, ya kukatia majani ya wazungu, ilikuja mtumba kwa boti kutoka huko kwenu Kigoma. Naitumia kwenye bustani yangu ya lengalenga, nyie mnaita mchicha, na nyanya kando ya mto Lukuga, inavuta kitela kidogo. Nikajiuliza, kwa nini isiwe na kijiko mbele kama zile mashine za kampuni za barabara?

Najua mtauliza haidroliki. Wakuu, pampu na silinda vya kununua hapa sikuviona, na kuagiza ni kusubiri. Mimi na kusubiri hatujawahi kuelewana. Nilichokuwa nacho ni jeep iliyokufa kwa jirani, na mbele ya jeep ile kulikuwa na winchi ya umeme, ile huku tunaita treuil, ya kujinasua kwenye matope. Inatumia betri ya kawaida ya gari.

Nikasema hiyo hiyo.

Kwa mafundi humu, design yangu ilikuwa hivi. Chini ya trakta nilichomelea fremu ya chuma cha pembe, kutoka mbele hadi kwenye ekseli ya nyuma, ili mzigo usilale wote kwenye chasi, maana chasi yenyewe ni bati tu lililokunjwa. Juu ya fremu, mbele ya usukani, nikasimamisha nguzo mbili zilizounganishwa juu kama goli la mpira. Nguzo hizo kwa nyuma zinashikilia mikono miwili mirefu inayopita pembeni mwa injini hadi mbele. Mwisho wa mikono ndipo inakaa ndoo.

Winchi nikaifunga chini. Kamba ya chuma inapanda hadi kwenye puli juu ya goli, inashuka mbele, inashika mikono. Ukibonyeza swichi, mikono inapanda. Ukibonyeza upande wa pili, inashuka kwa uzito wake.

Ndoo niliikata kwenye tangi la mafuta la boti iliyostaafu. Kumwaga hakuna umeme: kuna komeo, ukivuta kamba komeo linaachia, ndoo inainamia mbele yenyewe, na ukiishusha chini inajifunga tena. Hiyo sehemu najivunia hadi leo.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Ndoo haikuchimba, iliteleza juu ya kifusi utadhani inapaka mafuta. Sababu ni rahisi, kamba inajua kuvuta tu, haijui kusukuma. Haidroliki inaikandamiza ndoo chini, winchi haiwezi. Nikarudi kibandani, nikachomelea meno ya chuma na kipande kizito mgongoni mwa ndoo, ikaanza kuuma udongo.

Jaribio la pili, ndoo imejaa, nikabonyeza kupandisha. Ndoo haikupanda. Kilichopanda ni makalio ya trakta na mimi nikiwa juu yake.

Wenye uzoefu mmeshacheka. Ukiweka mzigo mbele lazima uweke uzito nyuma. Nilijua. Nilikuwa nimeshapanga kumwaga zege kwenye pipa na kulifunga nyuma ya trakta. Furaha akanunua hata saruji. Lakini zege linataka kukaa hadi likomae, na upande wa kusini mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila jioni.

Nikasema siwezi kukaa kulinda zege kama kuku anayelalia.

Hapa ndipo lilipozaliwa kosa. Nadhani ni kosa la watu wa ziwa tu, mtu wa bara asingelifanya.

Wavu wetu wa kuinua unashushwa kati ya mitumbwi chini ya taa, dagaa wanakusanyika, halafu unavutwa. Unapokuja na mzigo, mtumbwi unalala upande. Hakuna anayeweka jiwe. Watu ndio uzito. Mtu mmoja anaita, wengine wanahamia upande wa pili, mtumbwi unanyooka. Nimefanya hivyo tangu nina meno ya utoto. Kichwani mwangu uzito ni kitu chenye miguu, kinachosikia ukikiita.

Nikamwendea Wilondja.

Wilondja ni rafiki yangu tangu utoto, sasa ana mitumbwi na timu yake ya wavuvi. Ni mtu mwenye mwili, siyo wa mchezo. Nilichomelea ubao wa kukalia nyuma ya trakta nikamwonyesha.

"Sasa miye njo muzigo?" akauliza, yaani yeye ndiye mzigo.

"Weye njo muzigo ya maana," nikamjibu. "Leta na bantu wako wawili."

"Na tukianguka?"

"Utaangukia wapi, Wilondja? Hii iko chini, haiko mu maji."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Kesho yake akaja na wavuvi wake wawili wanene wanene, wakakaa kwenye ubao migongo ikinigusa.

Wakuu, ilifanya kazi!

Ndoo ilijaa, winchi ikalia, mikono ikapanda, magurudumu ya nyuma yakatulia chini kama yamepigiwa misumari. Nikashuka mteremko polepole, nikavuta kamba, mawe yakamwagika mahali nilipotaka. Watu wa mtaa walipiga vigelegele. Wilondja na wenzake wakaanza kuimba wimbo wa kuvutia wavu, na trakta ikiinama kushoto wao wanaegemea kulia bila hata kuambiwa. Nilijisikia mkubwa.

Tuliendelea hivyo siku baada ya siku, wao wakitoka ziwani asubuhi na kulala, mchana wanakuja. Tuta likaanza kuonekana. Mama alikuwa anatuletea chakula palepale nje, sombe, yaani kisamvu, na ugali, anasimama kututazama.

"Kula kwanza, mutoto. Ile chuma haitakimbia."

"Mvua inakuya, Mama."

Anaweka sahani juu ya jiwe, anaondoka. Mimi nakula nimesimama, jicho liko kwenye mawingu. Nikimaliza nanawa palepale kwenye beseni na kurudi kazini.

Sasa siku yenyewe.

Kwanza niwaeleze wenzangu wa Tanzania jambo moja. Huku Congo, asubuhi bendera ikipandishwa na jioni ikishushwa, filimbi inapigwa. Ukiwa karibu, unasimama ulipo. Mwenye pikipiki anazima, mwenye beseni kichwani anaganda nalo. Hutembei wala hukai hadi filimbi ya pili. Ukitembea, polisi watakuwa na maneno na wewe. Tumelelewa hivyo tangu shule, haipiti hata akilini, mwili wenyewe unasimama.

Na juu kidogo ya nyumba ya Mama kuna biro, ofisi ya mtaa, yenye mlingoti wa bendera.

Siku zote tulikuwa tunafunga kazi mapema, Wilondja akajiandae na ziwa. Siku hiyo mawingu yalikuwa meusi na radi ilisikika mbali. Nikawaomba safari moja zaidi. Halafu moja tena. Wilondja akasema jua linazama. Nikasema hii ndiyo ya mwisho kweli, na nikaijaza ndoo kupita kipimo ili iwe na maana.

Tuko katikati ya mteremko, pua ya trakta inatazama ziwani. Nikapandisha ndoo juu kabisa ili ivuke tuta. Mama alikuwa anakuja kutoka nyumbani, anatupandia kwa mbele na birika la chai. Nikamwona. Nikataka kumwambia apite pembeni.

Filimbi ikalia.

Wakuu, sijui niwaeleze vipi. Wilondja na wenzake waliruka chini, wote watatu kwa pamoja, wakasimama wima mikono mapajani. Ubao ukabaki mtupu. Na mimi mwenye trakta, mimi mwenye kujua kila kilo iko wapi, nilizima injini nikasimama juu ya trakta!

Ikaanza kuinama.

Haikwenda haraka, na hilo ndilo linalonitesa hadi leo. Ilikwenda polepole, nyuma ikipanda, mbele ikizama, nikaona ziwa, nikaona tuta, nikaona Mama. Nikaangukia usukani kwa kifua. Ndoo ikapiga chini kwa kishindo, komeo likaachia, mawe yote yakabingirika mteremko kuelekea kwake.

Na hakuna aliyesogea.

Naapa kwa Mungu wangu. Bendera ilikuwa bado inashuka. Wilondja alikuwa anatazama, macho yamemtoka, lakini miguu imeganda. Mwenye pikipiki pale njiani ameganda. Polisi mwenyewe kule juu alikuwa ametugeukia, kamba ya bendera mkononi, hajui aiachie au aendelee. Na Mama amesimama wima na birika lake, mawe yanamjia, moja likampita kulia, moja likamsimamia mbele ya vidole, na yeye anatazama mbele kama mwanafunzi.

Mimi niko juu ya usukani, pumzi haitoki, nataka nimpigie kelele akimbie na sauti haipo.

Filimbi ya pili ikalia, na hapo mtaa mzima ukatimka kwa pamoja.

Wilondja alinitoa kama mtoto. Alikuwa analia, ananipapasa mbavu, anasema maneno yasiyo na mpangilio. "Miye niliruka... wewe pia ulisimama... banatuuliza nini sasa..." Nikamwambia aniache, aniache, niende kwa Mama.

Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe kubwa kati ya yale yaliyokuja kumuua. Birika ameliweka chini, halijamwagika.

"Uko muzima?" akaniuliza.

"Niko muzima, Mama. Unisamehe. Kesho nitaweka zege nyuma, nitatengeneza vizuri, tuta litaisha kabla ya..."

"Nyamaza."

Mama hajawahi kuninyamazisha hivyo tangu nioe.

"Nani alikuambiaka miye nataka hii nyumba?"

Sikuelewa.

"Nakuuliza. Nani? Maji inaingiaka mpaka chini ya kitanda. Miguu yangu haikaukake. Wenzangu bote balienda. Nitapenda nini humu?"

"Lakini Mama, ni nyumba ya Baba."

"Baba yako hayuko mu matofali. Baba yako iko ku makaburi, kule juu, pakavu." Akajifuta uso na kikwembe, kitenge chake. "Miye nilinyamaza sababu yako. Kila siku unasema nyumba ya Baba, nyumba ya Baba. Unasema ku kanisa, unasema ku barabara. Haukulia siku ya kumuzika, ulikuwa unatengeneza sanduku. Nikasema nimuache mutoto, hii nyumba njo kilio chake. Akimaliza kulia tutaenda."

Wilondja alikuwa nyuma yangu, nikasikia anaondoka taratibu.

Mama akasimama, akanishika mkono, akanipeleka ndani.

Wakuu, nilikuwa nafika kwenye ule uwanja kila siku ya Mungu. Lakini ndani sikuwa nimeingia, hata siwezi kusema tangu lini. Nilikuwa nakula nje, nanawa nje, naaga nikiwa nje.

Ndani kulikuwa kumefungwa.

Sufuria ziko kwenye magunia, midomo imeshonwa. Nguo zimefungwa kwenye vikwembe, vimepangwa juu ya meza ili maji yasizifikie. Picha ya Baba imeshatolewa ukutani, imeviringishwa taulo. Kilichobaki nje ni sahani moja, kikombe kimoja, mkeka, na ile sufuria aliyokuwa ananipikia mimi.

"Ulifunga lini, Mama?"

"Mvua ile ingine."

Alikuwa amekaa juu ya mizigo yake mvua zote hizo, ananingoja, huku mimi niko nje napiga winchi ili asiondoke.

Nililia. Sioni haya kuandika. Nililia kwa sauti, na kila nikilia mbavu zinachoma, na nikawa siwezi kuacha. Mama alinishika kichwa.

Asubuhi yake tuliinyanyua trakta. Goli lilikuwa limepinda, injini ilikuwa nzima. Kijiko tukakivua, tukafunga kitela, na mizigo ya Mama ikapanda kilimani kwa safari chache tu maana ilikuwa tayari. Furaha alimpokea mlangoni kama mgeni wa harusi. Wilondja alibeba meza kichwani njia nzima, nadhani alikuwa analipia kule kuruka kwake.

Mvua zilikuja. Sitawadanganya, tuta lilizuia kiasi, halafu halikuzuia. Mabati na milango tulikuwa tumeshang'oa. Ukuta wa mbele ulipoanguka Furaha ndiye aliyeniambia, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba namjengea Mama chumba chake. Nilikwenda kuutazama, nikasimama kidogo, nikarudi kuchanganya udongo.

Update ya mashine kwa wanaotaka kuiga. Nimenyoosha goli na kuliongezea mihimili. Nyuma sasa kuna pipa la zege, na nililingoja likomae, Furaha ndiye alikuwa mlinzi, kila nikilisogelea ananifukuza. Ndoo huwa siinui juu nikiwa nashuka mteremko, inakaa karibu na ardhi. Hakuna mtu anayepanda nyuma, hata akiomba, hata awe mnene namna gani. Na ikifika jioni nashusha ndoo chini kabla mtu wa filimbi hajatoka ofisini.

Kazi inaifanya vizuri. Msingi wa chumba cha Mama umechimbwa na kijiko hichohicho.

Nilichojifunza ni hiki, na kimeniuma kuliko usukani. Unaweza kuhangaika kwa ajili ya mtu mpaka ukasahau kuingia anapoishi. Mimi nilijua uzito wa kila jiwe kwenye kile kifusi, na sikujua kwamba mama yangu analala na miguu imelowa.

Karibuni kwenye comments. Mafundi, nani ameshapata winchi isiyomaliza betri haraka? Nani anajua haidroliki ya bei ya kawaida inayoweza kuvuka kwa boti? Wale wa kunichamba kuhusu bendera nanyi karibuni, Wilondja anasoma humu na ana majibu yake.

Ila swali langu kubwa siyo la vyuma. Hivi wakuu, mama zenu mlishawahi kuwauliza wanataka nini, au na nyie mko nje mnachomelea?